Shahidi Aliye Mfukoni: Simu, Kifafa na Siri ya Mgonjwa katika Mbulu na Hanang

Video ile ilikuwa na urefu wa dakika 1 na sekunde 40. Ilipigwa ndani ya nyumba yenye mwanga hafifu, na mkono ulioshika simu ulikuwa ukitetemeka. Shangazi wa kijana aliiweka simu juu ya meza yangu, akaisogeza taratibu kuelekea upande wangu, kisha akageuka kutazama dirishani.

Nilikuwa nimemwuliza, kupitia muuguzi aliyetutafsiria Kidatooga, kijana huanguka namna gani. Alijibu kwa maneno machache: huanguka, hutukutika, hutoa povu, na huchukua muda mrefu. Muda mrefu ni muda gani? Nusu saa, alisema. Ni upande gani wa mwili huanza kutukutika? Hapo alinyamaza, halafu akaitoa simu ndani ya mkoba.

Niliitazama mara tatu. Mara ya kwanza niliona kile ambacho kila mtu angekiona: kijana wa miaka 14 akiwa sakafuni. Mara ya pili nilitazama macho. Yalikuwa wazi, yamegeukia kulia. Mara ya tatu nilitazama vidole. Vidole vya mkono wa kulia ndivyo vilivyoanza, kisha mkono mzima, kisha upande wa kulia wa uso, na baada ya hapo mwili wote. Nusu saa ya shangazi haikufika hata dakika 2. Haikuwa uongo, kwani anayemwona mwanawe katika hali ile hahesabu muda kama saa ya ukutani inavyohesabu. Hata hivyo, katika sekunde chache za mwanzo wa video ile nilipata jambo ambalo faili lake la miaka mitatu halikuwa nalo.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu video hiyo: jinsi ilivyomsaidia kijana yule, na jinsi mimi mwenyewe nilivyoifanya imdhuru. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, nami ninaandika kwa ridhaa yake na ya shangazi yake.

Tulipotegemea maneno pekee

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Nilikulia Mbulu mwishoni mwa miaka ya 1980. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa na kifafa. Nyanda zetu ni za baridi, na moto wa kupikia ndio pia moto wa kuota. Siku moja aliangukia mafiga. Waliokuwapo walichelewa kumtoa, kwa sababu waliamini kwamba anayegusa povu la mwenye kifafa naye huambukizwa. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, mate, mkojo wala kwa kula chungu kimoja, lakini imani hiyo nimeikuta ingali hai katika kila kijiji nilichotoa huduma.

Siku hizo habari ya ugonjwa ilisafiri kwa miguu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, ilikuwa mbali kwa wengi, na mgonjwa alifika akiwa amekwisha kuzinduka. Kifafa kina tabia hiyo ya kumtaabisha tabibu: tukio hutokea nyumbani, malishoni au kisimani, na mgonjwa anapoingia chumba cha daktari huwa mzima. Yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Kwa hiyo utambuzi wa kifafa tangu zamani umejengwa juu ya ushahidi wa mtu mwingine aliyekuwapo.

Katika Mbulu na Hanang ushahidi huo hupita njia ndefu. Eneo letu ni miongoni mwa sehemu chache barani Afrika ambako lugha za koo nne zisizofanana hukutana: Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatooga cha jamii ya Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyiramba, na Kihadzabe chenye sauti za vidoko, kinachosikika upande wa Yaeda na Ziwa Eyasi. Bibi hueleza kwa lugha yake, mjukuu hutafsiri kwa Kiswahili cha shule, nami huandika kwa Kiingereza cha kitabibu. Katika kila hatua kitu hupotea. Neno "kuanguka" hubeba mzigo mzito kupita kiasi. Mtu aliyezimia kwa njaa au kwa kusimama juani ameanguka. Mwenye kifafa ameanguka. Msichana mwenye majonzi ambaye mwili wake hutukutika pasipo hitilafu ya umeme wa ubongo, naye ameanguka. Matibabu ya hawa watatu hayafanani hata kidogo, na dawa ya kifafa haimfai wa kwanza wala wa tatu.

Ndiyo maana simu janja zilipoanza kuenea vijijini mwetu, wataalamu wa fani yangu walizipokea kwa furaha ambayo huenda msomaji asiitarajie. Mwaka 2020 jarida la JAMA Neurology la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu video za simu zilizopigwa na ndugu wa wagonjwa. Wataalamu waliobobea waliweza kuzitumia kutambua kwa usahihi mkubwa kama tukio lilikuwa la kifafa au la, wakiwashinda madaktari waliokuwa bado masomoni. Funzo lake ni la pande mbili: video ni ushahidi mzuri, na ushahidi huo unahitaji jicho lililofunzwa.

Alichokiona shangazi

Nirudi kwa kijana wetu. Kwa kuwa tukio lake lilianzia vidole vya mkono wa kulia, tulijua kwamba chanzo kiko upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba huenda pana kovu au uvimbe mahali fulani. Alipelekwa kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Ilionyesha madoa kadhaa madogo meupe ya chokaa, moja likiwa mahali hasa tulipolitarajia. Yalikuwa makovu ya vifuko vya tegu wa nguruwe vilivyokwisha kufa.

Shangazi aliposikia jina hilo alikasirika. "Sisi ni wafugaji wa ng'ombe," alisema. "Nyumbani kwetu hakuna anayekula nguruwe."

Alisema kweli, na hapa pana jambo ambalo kila mhudumu wa afya wa wilaya zetu hana budi kuweza kulieleza. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu bila kuiva hupata tegu mkubwa tumboni. Tegu huyo hutoa mayai, nayo hutoka na choo kikubwa. Mayai hayo yakimfikia mtu mwingine kwa njia ya mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi, huanguliwa, huingia katika damu, na baadhi hujenga vifuko ndani ya ubongo. Kwa hiyo mtu anaweza kupata kifafa cha tegu ingawa hajaonja nyama ya nguruwe maishani mwake. Inatosha jirani mmoja awe na tegu na asiwe na choo.

Tatizo hili limechunguzwa kwetu kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, ambamo nguruwe wa vijiji vya Mbulu walichunguzwa ndimi, uliwakuta takriban 17 katika kila 100 wakiwa na vifuko. Watafiti waliofanya kazi Haydom nao wameonyesha uhusiano wa tegu huyu na sehemu ya wagonjwa wa kifafa wa eneo hilo. Kinga yake inajulikana: choo kinachotumiwa na wote, kunawa mikono, kuwafungia nguruwe wasizurure, kukagua nyama na kuipika ikaiva.

Vifuko vikishakufa na kuwa chokaa, dawa ya minyoo haina kazi tena. Kinachotibiwa ni kifafa chenyewe. Tulipopitia faili tuligundua kwamba dozi ya fenobabito aliyopewa akiwa na miaka 11 haikuwa imeongezwa, ilhali yeye alikuwa amerefuka na uzito umepanda. Tulimwanzishia kabamazepini, tukaipandisha polepole. Miezi miwili baadaye muuguzi alinipigia kuniambia kwamba kijana hajaanguka kwa wiki tano. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kijana wetu alikuwa njiani kuingia katika hesabu hiyo njema.

Mambo mengine yaliyobadilika

Nisiseme kana kwamba simu imebadilisha kifafa peke yake. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, nimeona nauli ya kwenda kliniki ikitumwa na kaka aliye Arusha na kupokelewa kwa wakala wa Katesh kabla basi halijaondoka. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye katika dharura kutafutiwa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo. Wauguzi huwakumbusha wagonjwa tarehe ya kliniki kwa ujumbe mfupi, na kengele ya simu ndogo ya batani humwamsha mgonjwa anywe dawa kwa saa ileile kila siku, jambo ambalo kwa mwenye kifafa lina thamani kubwa.

Wala sitasahau tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nilikuwa mbali, na habari nilizipata kwa njia ya simu, kama wengi wa waliotoka kwetu. Simu zilitafuta waliopotea na zilikusanya michango. Kwa wagonjwa wetu wa muda mrefu zilikuwa pia njia ya kuuliza jambo ambalo mtu aliyepoteza nyumba hulisahau: dawa zako ziko wapi? Lakini nakumbuka pia kupokea picha za marehemu ambao nyuso zao hazikufunikwa. Nilizifuta nikawalaumu waliozituma. Sikujiuliza kama mimi nina usafi wa kuwalaumu.

Kosa langu

Siku niliyoitazama video ya kijana yule, kabla ya kumpeleka kwenye CT, nilitaka maoni ya wenzangu. Nilimwomba shangazi anitumie video. Alikubali kwa kutikisa kichwa. Sikumwambia naitaka ya nini, wala muuguzi hakumtafsiria, kwa sababu sikusema. Jioni ile niliiweka katika kundi la WhatsApp la madaktari, kundi kubwa tulilojiunga ili kushauriana. Niliandika: "Kijana, miaka 14, Hanang. Maoni?" Ndani ya dakika kumi nilipata majibu matatu mazuri. Nililala nikiwa na furaha, nikiishukuru teknolojia.

Baada ya wiki kama sita hivi, nilifungua ujumbe katika kundi la kamati ya harusi ya ndugu yangu. Katikati ya ahadi za michango palikuwa na video iliyosambazwa mara nyingi, na chini yake mtu ameandika kwamba ni kijana anayetokwa na mapepo. Niliutambua ukuta wa udongo. Niliitambua shuka. Nilihesabu urefu wake: dakika 1 na sekunde 40.

Sijui ni nani aliyeitoa katika kundi letu, wala sikumtafuta. Mlango niliufungua mimi. Niliomba kamati iifute, nikaandika katika kundi la madaktari, wenzangu wakaifuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kijana hakuja kliniki mwezi uliofuata, wala mwezi wa pili. Simu ya shangazi iliita bila kupokelewa. Hatimaye mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikwenda kwao, akarudi na habari. Siku ya mnada vijana wenzake walimwonyesha video katika simu ya mmoja wao. Tangu siku hiyo walimtenga kikombe. Naye akaamua kwamba dawa ndiyo iliyomtangaza, akaacha kuinywa. Kuacha dawa ya kifafa ghafla ni hatari, na hatari hiyo ilimfika: alianguka mara tatu kwa wiki moja, na mara ya tatu aliangukia moto. Mkono ulioungua ni wa kulia, mkono uleule ambao vidole vyake vilinionyesha chanzo cha ugonjwa.

Nilikwenda kwao nikiwa na muuguzi. Nilimwamkia shangazi, nikaketi alipoketi yeye, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: nilivyoichukua video, nilikoiweka, na ilivyotoka. Nilimwomba msamaha yeye, kisha nikamwomba kijana. Kijana alitazama chini na hakusema neno.

Shangazi alimsikiliza muuguzi hadi mwisho, halafu akasema polepole kwa Kiswahili, ili nisihitaji kutafsiriwa: "Mwanangu, mimi nilikuonyesha wewe."

Hakuongeza kitu. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi tangu hapo, hasa ninapoona mwenzangu akinyoosha simu yake juu ya kitanda cha mgonjwa.

Ridhaa ni nini hasa

Sisi waganga tulikuwa na desturi ya siri kabla ya simu kuwapo. Kilichobadilika ni wepesi wa kuivunja. Zamani, ili nimtangaze mgonjwa kwa watu mia mbili, ilinibidi niwe mtu mwovu. Nisimame mahali, nipaaze sauti. Leo inatosha niwe mtu mwenye nia njema na haraka kidogo.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Video ya mtoto akiwa katika tukio la kifafa ni vyote viwili kwa pamoja. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, kutikisa kichwa kwa shangazi hakukuwa ridhaa. Ridhaa ni kujua kitu kinakwenda wapi, kwa nani, kwa kazi gani, na kwamba unaweza kukataa na mgonjwa wako akatibiwa vilevile. Mtu aliyesafiri tangu alfajiri kuja kumwona daktari hukubali karibu kila aombwalo, naye hukubali kwa sababu anahitaji. Kadiri mgonjwa anavyotuhitaji, ndivyo tunavyopaswa kumweleza zaidi.

Wapo wenzangu waliosoma rasimu ya makala haya wakasema dawa ni kupiga marufuku video zote. Sikubaliani nao. Bila video ile kijana angekuwa bado anatumia dozi ya mtoto wa miaka 11, na hakuna ambaye angejua kuhusu kovu ndani ya ubongo wake. Shangazi alifanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote katika mkasa huu. Anastahili kufuatwa, na ndiyo sababu ninaweka hapa maelekezo ninayoyatoa sasa katika kliniki zangu.

Kwa ndugu wa mgonjwa

1. Usalama kwanza, video baadaye. Mwondoe mgonjwa karibu na moto, maji na vitu vyenye ncha. Mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimkandamize azuie kutukutika.

2. Kama uko peke yako, iache simu mpaka mgonjwa awe salama. Kama mko wawili, mmoja amhudumie na mwingine arekodi.

3. Anza mapema uwezavyo, kwa kuwa mwanzo wa tukio hutuambia mengi kuliko katikati yake. Onyesha mwili wote, kisha usogelee uso na macho. Je, macho yako wazi au yamefumba? Yamegeukia wapi? Mkono upi ulianza?

4. Endelea kurekodi tukio linapokwisha. Mwite kwa jina, mwombe ainue mikono. Namna anavyozinduka ni sehemu ya ushahidi.

5. Tazama muda. Tukio likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, hiyo ni dharura. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Fanyeni hivyo pia kama ni mara yake ya kwanza, kama ni mjamzito, au kama ameumia.

6. Wasiohusika watoke, na mfunikeni mgonjwa kwa heshima. Video ibaki katika simu moja. Usiitume katika kundi lolote, hata la familia. Daktari akishaiona na kuandika alichokiona, mwulize kama mnaweza kuifuta.

Kwa wahudumu wenzangu

Itazame video katika simu ya mgonjwa, kisha andika kwa maneno katika faili: muda, macho, upande ulioanza, jinsi alivyozinduka. Maandishi hayo yatamsaidia atakayekupokea zamu, nayo hayawezi kusambazwa katika kundi la harusi. Ukihitaji ushauri, mweleze mwenzako kwa maneno kwanza. Mara nyingi inatosha. Ikibidi aione, atumiwe mtu mmoja unayemjua, baada ya ridhaa iliyoelezwa kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kuandikwa katika faili. Kumbuka kwamba katika kifafa hatuwezi kuficha macho na uso bila kupoteza maana, kwa hiyo picha ya kifafa haiwezi kufichwa utambulisho kama picha ya kidonda. Kisha ifute katika simu yako, na katika hifadhi ambayo simu huitunza yenyewe bila kukuuliza.

Kuna jambo moja ambalo simu haitatufanyia. Inaweza kumkumbusha mgonjwa saa ya dawa, lakini haiwezi kuijaza rafu ya zahanati. Mgonjwa aliyetembea nusu siku akaambiwa dawa imekwisha hufundishwa kwamba matibabu hayana uhakika, na safari ijayo huenda asije. Tukiwa na muda wa kushughulikia video, tuwe na muda pia wa kuhesabu vidonge kabla havijaisha.

Alivyo sasa

Ilichukua miezi minne kijana kukubali kurudi. Hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kwa sababu muuguzi wetu hakuchoka kumpigia, na kwa sababu mwalimu mmoja aliwakusanya vijana wa pale akawafundisha kifafa ni nini, akanywea kikombe kimoja naye mbele yao. Mkono umepona kwa kovu. Vidole viwili havikunji vizuri, lakini fimbo anaishika. Ananunuliwa vocha na shangazi, na ana simu ndogo ya batani ambayo hulia saa moja asubuhi na saa moja jioni. Hadi ninapoandika haya, hajaanguka kwa miezi saba.

Katika kliniki iliyopita shangazi alikuwa na video mpya. Usiku mmoja kijana alikuwa amekunjakunja vidole usingizini, naye alitaka kujua kama ugonjwa umerudi. Safari hii hakuiweka simu mezani. Aliishika kwa mkono wake mwenyewe, akaielekeza kwangu, nami nikainama nikaitazama hapo alipoishika. Nilimwambia ni miguno na michezo ya usingizi tu, wala si kifafa. Alinitaka nirudie. Nikarudia, nikaandika katika faili, nikamsomea nilichoandika.

Kisha akaugeuza uso wa simu, akanionyesha kitufe, akauliza kama ndicho. Nikasema ndicho. Akaifuta video mbele yangu, akairudisha simu mkobani, akamwita kijana waende wakawahi gari la Bassotu.